Gari ya familia mpya au mtumba? Kwanza tuoneshwe karatasi zake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu ndugu msomaji mmoja aliyeandika kwamba mtu mwenye familia akinunua gari iliyotumika amenunua matatizo ya mwenzake, na kwamba bora akaze mkanda akope benki achukue mpya kabisa ya zero kilomita. Barua yake nimeisoma vizuri na namheshimu, najua ameandika kwa nia njema, na hata baba watoto hapa nyumbani alipoisoma akasema umeona sasa, si nilikwambia. Ila mimi sikubaliani nae na sababu ninazo, na naziandika kwa sababu najua kuna familia nyingi muda huu ziko mezani zinapiga hesabu hizo hizo, na uamuzi ukienda vibaya ni miaka mitano ya kukatwa mshahara.

Niseme kwanza tunatafuta nini, maana huwezi kujibu mpya au mtumba kabla hujasema gari gani. Sisi tuko watano, mimi, mume wangu, watoto wawili na mama mkwe ambae tunakaa nae. Mama magoti yanamsumbua, hizi gari za juu sana hawezi kupanda mpaka asaidiwe, na zile ndogo za chini sana nazo akishakaa hainuki bila kushikwa mkono. Alafu kwao ni Same, huko milimani Mamba Miamba kwenye tangawizi, tukienda haturudi mikono mitupu, tunarudi na gunia la tangawizi na mikungu ya ndizi juu ya mabegi ya watoto, na safari hii wanataka na baiskeli yao iende. Kwa hiyo gari inayotufaa ni stesheni wagoni, yani gari ya familia ya urefu wa kawaida lakini paa limeenda moja kwa moja mpaka nyuma, ukilaza siti za nyuma unapata sehemu ya kulaza godoro. Toyota Corolla Fielder, Probox na ndugu yake Succeed, Caldina, Subaru Legacy, Nissan Wingroad, hizo ndo naongelea.

Sasa hapo ndo hoja ya ndugu yangu inapoanza kuyumba. Ingia shorumu ya magari mapya hapa nchini ulizia stesheni wagoni ya bei ya mfanyakazi wa kawaida uone utajibiwa nini. Fielder Toyota walianza kuitengeneza mwaka 2000 kwa ajili ya soko la Japani na mwaka 2025 wamefunga uzalishaji wake. Caldina iliishia 2007. Legacy ya wagoni iliishia 2014 ikaja Levorg badala yake. Wingroad nayo haipo tena. Dunia nzima watu wamehamia kwenye SUV na makampuni yamewafuata huko huko. Kwa hiyo ukisema unataka mpya, utaoneshwa Starlet ambayo kiundani ni Suzuki Baleno, au Rumion ambayo kiundani ni Suzuki Ertiga, zote zinatengenezwa India, au unapandishwa bei mpaka kwenye SUV na pikapu. Siyo gari mbaya hizo, Rumion ina siti saba na mtu mwenye watoto wanne inamfaa sana, ila ukisimamisha ile safu ya tatu ya siti nyuma panabaki padogo mno, gunia la tangawizi sijui utaliweka wapi. Kwa maana hiyo anaekwambia nunua mpya anakwambia pia badilisha aina ya gari, na hilo kwenye barua ile halikusemwa.

Mpya ina raha zake na sizikatai. Waranti ipo, mikanda na eabegi hazijaguswa na mtu, unajua kila sevisi imefanyika lini na kwa oili gani, na hakuna wa kukudanganya kilomita. Mtu mwenye hela taslimu ambae atakaa na gari hiyo miaka kumi na mbili mpaka kumi na tano, achukue mpya, tena namsifu. Tatizo langu liko kwa huyu wa kukopa.

Kazi yangu ni uhasibu kwa hiyo nitaweka namba. Tuchukue mfano tu, gari ya mil 60, mkopo wa miaka mitano, riba asilimia 16 kwa mwaka inayohesabiwa kwenye salio. Makato yanakuja kama mil 1 na laki 4 na elfu 59 kila mwezi, na mpaka unamaliza umelipa zaidi ya mil 87. Juu ya hapo benki haikupi gari bila bima kubwa, na bima kubwa ya gari binafsi kwa kawaida ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari ukiongeza na VAT, kwa gari hiyo ni karibu mil 2 na nusu kwa mwaka wa kwanza. Sasa mtumishi anaebakiwa na ile theluthi moja ya mshahara kisheria, mwanae akiugua au ada ikipanda anaitoa wapi? Nimeona kwa macho yangu watu ninaofanya nao kazi wana gari mpya imepaki nyumbani jumatatu mpaka ijumaa kwa sababu hela ya mafuta hamna. Yani gari ipo inang'aa na mtoto anaenda shule kwa bodaboda.

Kwa hiyo tukiweka mpya pembeni zinabaki njia mbili, kuagiza Japani au kununua iliyotumika hapa hapa, na watu wengi wanazichanganya wakati ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ya kuagiza kuna jambo moja la kodi ambalo natamani kila familia ilijue kabla hawajafungua simu kuangalia picha za magari. Watu wanatafuta gari ya zamani wakiamini ni bei rahisi. Bei ya kule Japani kweli ni rahisi, ila hapa TRA kuna ushuru wa uchakavu, gari ndogo ikifika miaka nane tangu itengenezwe inaongezwa asilimia 15, ikivuka kumi inakuwa asilimia 30, na hiyo inaingia kabla ya VAT ya asilimia 18 kwa hiyo VAT nayo inakua. Nimepiga hesabu hivi. Chukua Fielder ya injini ya 1500 yenye miaka kumi na moja, gharama mpaka inafika bandarini mil 8. Weka ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5, uchakavu asilimia 30, alafu VAT, gari imekula kama mil 15 na laki 9. Chukua sasa ya miaka saba, gharama mpaka bandarini mil 10, huyu hana uchakavu, ushuru ule ule na VAT ile ile, inaishia kama mil 15 na laki 5. Umenunua gari changa kwa miaka minne na umetumia hela kidogo kuliko yule wa gari ya zamani! Bado kuna tozo ndogo ndogo za reli na za forodha na hela ya wakala wa kutoa gari bandarini ila hizo kila mtu analipa. Na angalizo lingine, TRA hawafuati lazima bei yako ya risiti, wana thamani zao kwenye kikokotoo chao cha mtandaoni, ingiza mwaka na modeli uone mwenyewe kabla hujatuma hata shilingi. Wenzetu Kenya wao wamefunga kabisa, gari ikizidi miaka nane haiingii. Sisi mlango umeachwa wazi ila kiingilio ni ghali, na wengi wanakigundua meli ikishatia nanga.

Sasa nije kwenye kilichonifanya nishike kalamu hasa. Gari iliyotoka Japani inakuja na historia yake imeandikwa, na historia hiyo ikifika hapa inapotea njiani. Hili ndo linanikera mno.

Gari nyingi kule zinapita mnadani, na kabla ya mnada mkaguzi anaikagua anajaza karatasi. Inapewa alama, 4 na 4.5 ni gari nzuri, 3.5 ina mikwaruzo na uchovu wake, na ikiandikwa R au RA maana yake iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Ndani ya gari napo panapewa herufi, A, B, C kushuka. Kuna mchoro wa gari na kila palipobonyea au pana kutu pamewekewa alama, na kilomita zimeandikwa. Kuna karatasi nyingine pia, cheti cha kuisafirisha nje ya nchi kinachotolewa na serikali yao, nacho kina kilomita, maana Wajapani gari binafsi inakaguliwa ikifika miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili na kilomita zinaandikwa. Probox nyingi zile za kubebea mizigo ndo kabisa, zikishapita miaka miwili ya mwanzo zinakaguliwa kila mwaka. Hakuna gari inayojulikana maisha yake kama hiyo. Cheti hicho original ndo TRA wanakitaka kwenye usajili, maana yake kila Fielder unayoiona barabarani Morogoro, kilomita zake zilizoandikwa Japani kwenye ukaguzi ziliwahi kupita mezani kwa mtu.

Alafu nenda yadi. Kaka yangu ni fundi ana gereji, mwezi uliopita alinisindikiza Dar kuangalia Fielder moja ya silva, NZE141, ile ya kizazi cha pili. Kwenye dashibodi inasoma kilomita elfu 68. Kaka hakuwasha hata injini, alifungua mlango wa dereva akaniambia inama uangalie pedali ya breki. Raba yake imelika upande mmoja mpaka chuma kinaonekana, na siti ya dereva lile bega la kushukia limesinyaa sponji imelala. Akavuta mkanda wa siti mpaka mwisho wake kule ambako kwa kawaida haufiki, una alama ya maji ya kahawia, mstari umenyooka. Tukaenda nyuma, akanyanyua zulia la buti akatoa tairi ya akiba, pale chini kwenye kona kuna tope jembamba limekauka kama unga, na nati za kufungia bampa ya nyuma rangi yake imebanduka kwa spana. Yani hizo zote ni dalili za gari iliyorudishwa kilomita na iliyowahi kuzama maji. Muuzaji alikua kijana mstaarabu tu, tukamwomba karatasi ya mnada akasema hizo huwa hazibaki, tukamwomba hata kopi ya cheti cha kusafirishia akasema iko kwa wakala. Wakala yuko wapi, hajui. Bei hashushi kwa sababu gari ina kilomita chache! Hapo hapo kwenye yadi kulikuwa na mama na watoto wake wameifurahia gari ile ile wanapiga nayo picha, na mimi niliumia, nikamwita pembeni yule mama nikamwambia dada yangu njooni na fundi wenu kwanza.

Gari iliyozama maji siyo kitu cha kufikirika. Japani wanapigwa na vimbunga, kile cha Hagibis cha Oktoba 2019 kilizamisha maeneo makubwa, na gari zilizozama kule kwao zinaandikwa kwenye karatasi na bei inaanguka. Karatasi ikitupwa, huku inauzwa kwa bei ya gari nzima, na waya zinaanza kuoza taratibu, leo taa, kesho sensa, keshokutwa gari inazima katikati ya Chalinze na Segera saa mbili usiku na mama wa watu mgonjwa wa magoti yuko ndani.

Na kilomita siyo swala la kujivunia tu. Fielder za kizazi cha pili na cha tatu nyingi zina gia za CVT, yani otomatiki zinazotumia mkanda, oili yake ni ya peke yake na inabadilishwa kwa kilomita. Ukidanganywa kwamba gari ina elfu 68 kumbe ina laki 1 na 80, utaendelea kuisubiri oili ambayo ilipaswa kumwagwa zamani, na kaka yangu anasema wanaokuja gerejini gia zinateleza kwenye kilima wengi ni hao, au wamewekewa oili ya kawaida ya gia na mtu aliyewaambia ni zile zile. Gia boksi ikifa hapo ndo utasikia mtu anasema gari za mtumba mbaya. Hapana, mbaya ni kunyimwa ukweli wa gari.

Eabegi nazo ni hivyo hivyo, na hapa naomba wazazi wasome mara mbili. Kuna kampuni ya Takata iliyotengenezea makampuni mengi eabegi ambazo kile kipulizio chake kikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevu kinaweza kulipuka kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma kwa dereva au abiria wa mbele. Watu wamekufa nchi mbalimbali, magari kwa mamilioni yakaitwa kurudi kubadilishiwa, Toyota wamo na Corolla zimo, na kampuni yenyewe ilifilisika 2017. Joto na unyevu, sasa fikiria Dar, Tanga, Mtwara. Gari ambayo iliuzwa nje kabla haijabadilishiwa imekuja nayo hivyo hivyo. Ukiwa na chesis namba unaweza kuiangalia kwenye tovuti ya Toyota ya Japani kama kuna wito haujafanyiwa kazi, ni bure, ni dakika chache. Ila lazima uwe na namba na lazima mtu awe amekwambia, na sijawahi kusikia dalali akimwambia mteja.

Iliyotumika hapa nchini sasa. Huko kuna hatari kubwa kuliko zote na kuna bahati kubwa kuliko zote. Hatari ni ile gari imepita mikono mingi, imepigwa rangi, odometa imerudishwa kwa kompyuta ndogo, shokapu zimeinuliwa kwa spesa ikachosha shafti, tangazo linasema namba D kali, full AC, injini haijafunguliwa, sababu ya kuuza mwenyewe anahama. Bahati ni pale unapompata mtu mmoja aliyeiagiza mwenyewe, kakaa nayo, ana faili. Mwalimu mmoja jirani yetu hapa Kihonda aliuza Succeed yake mwaka jana akiwa na risiti zote mpaka za fyuzi, karatasi ya mnada kaitunza kwenye nailoni, iliuzwa ndani ya siku moja na bei yake ilikuwa ya haki. Gari kama ile mimi naichukua kabla ya iliyotoka melini jana isiyo na karatasi, bila kufikiria mara mbili. Ya hapa imeshapita kwenye mashimo yetu na mafuta yetu na unaona imebaki na nini, unaipandisha kilima na fundi wako pembeni unasikiliza, huku ya melini unanunua picha. Ila kadi ya gari iwe na jina la huyo huyo anaekuuzia, na kama jina ni la mwingine usitoe hela mpaka huyo mwingine aje.

Nimeulizwa na baba watoto mbona usiseme tuchukue Probox, spea zake ziko kila duka pale Ilala na haifi. Kweli haifi, ilitoka 2002 kwa ajili ya kampuni na wafanyabiashara, ya van inabeba mpaka kilo 400, na mtu wa duka au wa mashamba sina cha kumshauri zaidi ya hiyo. Ila kaa siti ya nyuma ya ile ya van. Imesimama wima, sponji nyembamba, haina pa kuegemeza kichwa cha maana, ilitengenezwa ili ilazwe ibebe mzigo. Kutoka Morogoro mpaka Same kupitia Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, mtoto wa miaka mitano na bibi wa miaka sabini kwenye siti ile ni kuwatesa. Kulikuwa na Probox ya wagoni yenye siti nzuri zaidi ila hiyo waliacha kuitengeneza 2013, ukiipata sasa unarudi kwenye uchakavu wa asilimia 30. Kwa hiyo kwetu ni Fielder ya kizazi cha tatu, NZE161 ya 1500, na kama hela itaruhusu zile zilizoanza kuja na breki za kujisaidia zenyewe kuanzia 2015. Ya haibridi, yani ya petroli na umeme, NKE165, inakula mafuta kidogo na kila jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wakitangaza bei mpya naitamani, ila betri yake kubwa iko chini ya siti ya nyuma na inavuta hewa ya kujipoza kupitia kitundu cha pembeni ya siti, ukikiziba na mabegi na vumbi la milimani betri inapata joto. Sisi na mizigo yetu tumeona hapana. Familia ya mjini isiyobeba mizigo isiiogope, ila isafishe ile chujio.

Na kwenye bajeti, hela usiimalize yote kwenye gari. Gari ya mtumba ikifika usiianzishie safari, kwanza oili zote na chujio zote, breki, bushi, betri, na tairi. Tairi soma ile namba nne ubavuni, 2318 maana yake wiki ya 23 mwaka 2018, haijalishi kashata zake zinaonekana mpya kiasi gani, raba imezeeka na barabara yetu ina joto. Kwa hesabu zangu tumetenga hela ya pembeni kwa mambo hayo tu na haiguswi, na ndo tofauti yetu na yule wa mkopo, sisi gari ikiharibika kuna hela ya kuitengeneza.

Ombi langu Mhariri, na kama waandishi wako wanaweza kulifuatilia nitashukuru sana. Kadi ya gari ya kwetu ina chesis namba, injini namba, mwaka wa kutengenezwa, rangi, ukubwa wa injini. Kilomita hamna. Cheti cha Japani chenye kilomita kinapita TRA siku ya usajili. Iongezwe mistari miwili tu kwenye kadi, kilomita zilizoandikwa kwenye cheti hicho na tarehe yake. Haihitaji mtambo mpya wala ofisi mpya, taarifa wanayo tayari mikononi. Mnunuzi wa kwanza ataona, wa pili ataona, na wa tatu ambae ndo huwa maskini kuliko wote nae ataona. Na yadi zote ziwekewe sharti, huuzi gari ya mnadani bila kumkabidhi mnunuzi kopi ya karatasi ya mnada na tafsiri yake kwa Kiswahili. Yadi za uaminifu zipo na nyingine tayari zinafanya hivyo bila kulazimishwa, hizo zitafaidika maana wateja tutajipanga huko.

Kwako ndugu msomaji uliyeandika, wala sijakasirika, nakubali kabisa kwamba watu wanaumizwa na magari ya mtumba. Ila dawa ya kuumizwa isiwe kumpeleka mtu benki akachukue deni la gari ambayo hata saizi yake siyo aliyoihitaji.

Sisi bado tunatafuta. Kama kuna msomaji mwenye Fielder NZE161 isiyozidi miaka saba, rangi yoyote, gia nzima, na karatasi zake zote anazo mkononi kuanzia za Japani mpaka risiti ya sevisi ya mwisho, tunaomba apitie kwako Mhariri tuwasiliane, tutakuja na fundi na hela tunayo.

Mama wa wawili,
Kihonda, Morogoro